Starta ya Pikapu ya Baba Emanueli

Ndugu na marafiki wapendwa, leo mchana gari la mwanangu lilitoa mlio nisioupenda.

Ufunguo unazungushwa, starta inagonga "ta!" mara moja, kisha kimya.

Mlio huo ulinirudisha miaka ya themanini, siku tuliyomrudisha marehemu Baba Emanueli nyumbani Endamarariek, ndani ya pikapu aliyoiendesha mwenyewe enzi za uhai wake.

Pale mjini Karatu, tuliposimama kupumzika njiani, pikapu ilikataa kuwaka. Mvua ilikuwa inakaribia. Barabara ya udongo ingelowa, na jeneza lingelala njiani.

Fundi mmoja wa pale aliikagua kwa utaratibu. Taa zilikuwa kali. Honi ilikuwa na nguvu.

"Betri ni nzima," alisema. "Starta ndiyo imenata. Lazima niifungue."

"Na wingu lile, fundi?" shemeji wa marehemu alifoka. "Tuisukume!"

Tulisukuma hadi pumzi zikatuishia, lakini haikuwaka, kwa kuwa njia ilikuwa ya kupanda.

Ndipo mjane, Mama Emanueli, aliposhuka kimya kutoka kando ya jeneza, akaomba nyundo, akaingia uvunguni mwa pikapu na kanga zake za msiba. Kumbe miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiigonga starta ile, mumewe akiwa kwenye usukani.

Tuliisikia nyundo. Kisha sauti yake, kwa mazoea kabisa:

"Haya, Baba Emanueli, washa!"

Kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Mimi ndiye niliyefungua mlango wa dereva. Nilipanda, nikazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Mama Emanueli hakutoka uvunguni upesi, nasi hatukumharakisha.

Ninyi mngemjibu nini?