Mlango wa Gari la Drabo

Hado Nikiema alijifunza kuendesha baiskeli akiwa tayari mjane, na mtoto mgongoni na bamia za kupeleka sokoni. Kabla ya hapo alikuwa akizibeba kichwani kutoka bustani za kando ya bwawa, na kila alipofika sokoni aliwakuta wenye baiskeli wamekwisha kuuza, wamekaa wanakunywa uji. Akanunua baiskeli kuukuu isiyo na breki ya mbele. Akaanguka nayo mtaa mzima ukimtazama, akainuka, akaanguka tena, mpaka ikamkubali.

Wanawake wa Wagadugu kuendesha baiskeli si habari. Habari ni kwamba Hado hakutosheka na yake. Jioni alikwenda kwenye kiwanja cha mpira kabla vijana hawajakijaza, akawafundisha wenzake: wake waliotoka vijijini, wafanyakazi wa ndani, hata mke wa imamu, aliyekuja kwa siri na siku ya kwanza akagonga goli, mtaa wote ukajua.

"Usitazame gurudumu," aliwaambia. "Gurudumu haliendi popote bila wewe. Tazama unakokwenda."

Katika wote hao hakuna aliyemsumbua kama Tene, mkamwana wake, mke wa mwanawe Nobila. Tene aliolewa kutoka kijiji cha kaskazini, ambako baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya kaka zake na yeye kazi yake ilikuwa kuiosha. Alikuwa mwoga. Msimu mzima wa vumbi Hado alikimbia nyuma yake ameshika karia nyuma ya kiti, huku Tene akimsihi asimwachie. Siku Hado alipomwachia bila kumwambia, Tene alizunguka kiwanja chote akizungumza naye, akidhani yuko nyuma. Alipogeuka akamwona mkwewe kule golini, mikono kiunoni. Hakuanguka. Alicheka mpaka akalazimika kushuka.

Tangu hapo wawili hao waliondoka pamoja kila asubuhi, Hado mbele na bamia zake, Tene nyuma na beseni la wali na kunde alizouza kwenye lango la shule. Walizungumza kwa kupiga kelele juu ya mlio wa pikipiki. Wanaume wa kwenye kisima cha mtaa waliwaita maharusi. Mambo ambayo Tene hakuweza kumwambia mumewe alimwambia mama mkwe barabarani, labda kwa sababu alikuwa akiongea na mgongo wake.

Barabara waliyopita ilikuwa na njia ya baiskeli pembeni, imetengwa na ukingo wa saruji. Lakini mbele ya duka la mikate ukingo ulikuwa umevunjika, na magari yalipanda pale asubuhi yakaegeshwa juu ya njia. Kila mtu alilijua hilo, hata askari wa barabarani, kwa kuwa naye alinunua mkate wake palepale. Mwenye baiskeli alitoka akaingia barabara kubwa, akayapita magari yale ubavuni, kisha akarudi kwenye njia yake.

Asubuhi ile Hado alitoka, akapita, akarudi. Alikuwa akisimulia habari ya mama mmoja wa sokoni na jogoo wake. Nyuma yake akasikia mlango wa gari ukifunguka, halafu mlio mwingine ambao hakuwahi kuupatia jina. Aliendelea na sentensi yake kidogo. Ndipo akageuka.

Mlango ulikuwa wazi. Beseni lilikuwa limesimama wima barabarani, linazunguka. Tene alikuwa ametupwa upande wa kushoto, na lori lililokuwa likija halikupata nafasi ya kusimama. Dereva wa lori alisimama mbele, akashuka, akakaa chini. Mtu mwenye gari lenye mlango wazi alikuwa na mguu mmoja nje na mmoja ndani. Alibaki hivyo muda mrefu.

Mtu huyo aliitwa Lassina Drabo, karani wa benki, Msamo.

Huo Usamo ndio ulioleta matatizo. Wamosi na Wasamo ni watani tangu zamani. Msamo anaweza kuja kwenye msiba wa Mmosi akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, akalala mlangoni kuzuia maiti mpaka apewe kuku, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Na mtani hawekewi kinyongo, hata damu ikimwagika. Kwa hiyo Drabo alipokuja matangani na wazee wa kwao, na kondoo, na gunia la mchele, wanaume wa ukoo wa Nobila walijua watakachosema kabla hajaketi.

Mzee mmoja wa Kisamo alijaribu kuanza kama desturi inavyotaka. "Hawa Wamosi," alisema, "hata baiskeli wanaipanda kama punda." Akatazama huku na huku. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akainamisha kichwa.

Yamba, mdogo wa marehemu mume wa Hado, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Akamgeukia Hado. "Shemeji, angekuwa mtu mwingine, tungefika mahakamani. Huyu ni mtani. Mikono yetu imefungwa."

Nobila alikuwa amekaa ukutani na binti yake mdogo, Azeta, amelala mapajani. Hado alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mgeni.

"Ulimwona?" akauliza.

"Hapana, Mama. Wallahi sikumwona."

"Uliangalia?"

Wazee wa kwao walimtazama, maana swali lilikuwa jepesi.

"Sikuangalia," alisema, akalia.

Hado aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia aliyoiuliza. Akawaambia wanaume kwamba utani wao wauweke wanavyotaka, yeye hatawavunjia. Lakini kondoo arudi alikotoka. "Na wewe," akamwambia Drabo, "siku ya arubaini ikipita, Jumapili jioni, lete gari lako kiwanjani."

Watu walidhani huzuni imemchanganya. Drabo alilileta.

Hado alimwelekeza aliegeshe katikati ya kiwanja, akae ndani, vioo vimefungwa. Wanawake watakuja na baiskeli kutoka nyuma, mmoja mmoja, na yeye afungue mlango muda wowote anaotaka bila kuwaonya. Mwanamke wa kwanza, jirani yao Mamunata, alianza kukanyaga. Drabo alishika kitasa. Mkono ukarudi.

"Fungua," Hado alisema.

"Mama, siwezi."

"Fungua, Drabo. Wenzako huko mjini watafungua."

Akafungua. Mamunata alikuwa mbali, hakuguswa, lakini kitasa kilipolia Hado alikaa chini mchangani. Wakamletea maji. Alipokunywa akasema waendelee.

Hivyo ndivyo alivyowafundisha. Wapite mbali na gari kwa upana wa mlango na urefu wa mkono zaidi. Watazame kioo cha nyuma kama kuna kichwa juu ya kiti. Na Drabo naye Hado alimfundisha: afungue kwa mkono wa kulia, mkono ulio mbali na mlango wake wa kushoto, ili mwili ulazimike kugeuka na macho yafuate. Alikuja Jumapili baada ya Jumapili. Wanawake walizoeana naye, na utani uliokwama msibani ukaanza kutoka wenyewe. "Mla mbwa, umelala humo?" Mamunata alikuwa akipiga kelele, kama Wamosi wanavyowatania Wasamo. "Fungua mlango tuone." Naye alijibu kwamba Wamosi wamezoea punda, ndiyo maana mlango mkubwa kama ule hawauoni. Jioni moja Hado alicheka. Alirudi nyumbani na kicheko kile, akashindwa kula.

Kisha mvua zikaanza, kiwanja kikawa dimbwi. Drabo alituma salamu. Baadaye salamu nazo zikakoma, na Hado hakumlaumu. Mtu ana kazi yake na nyumba yake. Nobila aliuza baiskeli ya Tene bila kumwambia mama yake, akaondoka kwenda Kodivaa kwenye mashamba ya kakao. Azeta alibaki kwa bibi. Kila kengele ya baiskeli iliyopita nje ilimkimbiza mlangoni akidhani ni mama yake, mpaka Hado akaifungua kengele ya baiskeli yake na kuitia sandukuni.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja yenye vumbi, Hado alikuwa njiani na bamia zake. Mbele ya duka la mikate magari yalikuwa yameegeshwa juu ya njia ya baiskeli kama kawaida. Gari la nyuma kabisa alilijua kabla hajalifikia. Juu ya kiti palikuwa na kichwa.

Alishuka. Akasimama na baiskeli yake nyuma kidogo ya gari. Mlango ukafunguka, wote, kwa pigo moja, kwa mkono wa kushoto. Drabo akatoka bila kugeuka, simu sikioni, anacheka kitu alichoambiwa. Hatua ya pili ndipo alipomwona.

"Mama," alisema. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni.

Hado alibaki ameshika usukani. Hakuwa na hasira. Angependa kuwa nayo. Alimwona jinsi alivyo, mtu mwenye haraka, mtu aliyelia kweli msibani pake, na kulia kule kumekwisha.

"Naondoka sasa hivi, Mama. Dakika moja tu," Drabo alisema, na kwenye simu akamwambia mtu asubiri.

"Funga mlango nipite," Hado alisema.

Akaufunga. Yeye akapita kwa miguu ubavuni mwa magari yale, mpaka la mbele kabisa, akiisukuma baiskeli, huku pikipiki zikimpigia honi nyuma na kijana mmoja akimwambia bibi apande au akae nyumbani. Alifika sokoni amechelewa. Wenzake walimuuliza kama ni pancha, akasema ndiyo.

Nyumbani hakumwambia Yamba wala mtu mwingine. Ingesaidia nini? Wangesema ni mtani.

Jumapili walikuja wanawake wapya wawili, dada kwa dada, wafua nguo. Mamunata aliuliza kama gari litapatikana, maana somo la mlango ndilo wengi walilolitaka. Hado alisema halitapatikana. Akawapandisha, akawashikia karia, akakimbia nao kadiri magoti yalivyomruhusu. Walipoanza kwenda wenyewe, alikwenda mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, akasimama pale yeye, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho.

"Huu ndio mlango," aliwaambia. "Piteni."

Yule mdogo alikuja karibu mno, na usukani ukamgonga Hado kwenye vidole. Alishuka akiomba radhi. Hado alisema si kitu, arudi nyuma aanze upya, na mkono hakuushusha.