Mwezi wa Mzee Nikodemo

Mbaruku Sefu, fundi saa wa Majengo, alikuwa na saa kumi na tisa za Uswisi ndani ya kopo la biskuti, kila moja imeviringishwa katika kipande cha kanga kuukuu. Kila Ijumaa baada ya swala alizitia ufunguo moja moja, akazisikiliza, kisha akazirudisha. Nyingi zilikuwa za wateja waliozisahau mezani pake tangu ruhusa ya biashara ilipoleta saa za betri kutoka Dubai. Aliwangoja miaka miwili, mitatu. Hawakurudi.

Lakini saa aliyoitamani haikuwamo koponi.

Aliishika mara moja tu, mwaka 1973. Mwenyewe alikuwa Nikodemo, dereva wa hospitali ya kijiji cha Mvumi, aliyeachiwa saa hiyo na daktari mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Saa ya dhahabu, nyembamba, yenye kidirisha ambamo mwezi mdogo kama punje ya mtama ulikua na kupungua sawasawa na ule wa angani. Mbaruku, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliisafisha, akairekebisha kwa kufuata saa zote za mjini: saa tisa alasiri, mshale mfupi kwenye tatu.

Kesho yake Nikodemo alirudi amefura. Yeye saa tisa aliisoma kwenye tisa.

"Nimekupa saa unisafishie, wewe umenirudishia mzungu!"

"Saa haijui Kiswahili, mzee," Mbaruku alijibu, na watu barazani wakacheka. Nikodemo aliichukua saa yake, asikanyage tena pale.

Miaka ishirini na mmoja Mbaruku alilijutia jibu lile. Kila mteja aliyetoka Mvumi, yeye alimtazama mkono kwanza, uso baadaye.

Asubuhi moja ya mwaka 1994 mwanamke wa makamo alifungua leso mbele yake.

"Habari za kazi, fundi. Naitwa Paulina, natoka Mvumi. Hii ni ya baba. Imesimama mwaka wa nne, na fundi mwingine kasema imekufa."

Mbaruku aliitazama saa. Mwezi ulikuwa mle mle, umekwama nusu.

"Mama, huyo atakuzeesha hapo!" alidakia Salha, aliyeuza saa za betri meza ya pili. "Njoo uchague. Nyekundu, ya njano, hata ya kung'aa gizani."

Paulina akacheka. "Kama imekufa kweli, fundi, niambie tu. Nikuachie vyuma viwe vyako, nimpelekee baba ya betri. Amechoka kuuliza saa."

Mbaruku alifungua mgongo wa saa, akabana lenzi jichoni. Hakikuvunjika kitu. Mafuta yalikuwa yamekauka, basi. Neno moja tu, "imekufa", nalo lilikwisha kusemwa na mwingine. Yeye angeitikia tu, saa ibaki kwake. Aliinama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Njoo saa tisa," alisema hatimaye.

Aliiosha kwa petroli, akatia mafuta kwa ncha ya sindano. Paulina aliporudi, saa ilikuwa inatembea. Mbaruku aliugeuza mshale mfupi, akausimamisha kwenye tisa.

Salha akapiga makofi. "Leo fundi kakosea! Saa tisa ni kwenye tatu!"

"Siyo kwa mwenyewe," alisema Mbaruku.

Paulina akamkazia macho. "Kumbe ndiye wewe uliyemrudishia mzungu! Mpaka leo anasimulia."

"Mpe shikamoo yangu. Mwambie imejua Kiswahili."

Paulina aliifunga katika leso, akaenda kuwahi gari. Mbaruku alimfuata kwa macho mpaka kitenge chake kikapotea sokoni.

Jioni, akitoka kuswali maghribi, alisimama uani. Mwezi ulikuwa wa siku ya kumi na moja, umebakiza kidogo kujaa. Alijua kidirisha cha Mvumi kinaonyesha huo huo. Aliuweka kwa mkono wake mwenyewe.