Mashine Ilipofika Kwenye Saa ya Shangazi

Mahindi yakianza kupasuka kwenye sufuria, punje moja, kisha kimya, kisha nyingine mbili, halafu yote kwa mkupuo kama yamegombana, mimi huondoka jikoni. Wanangu hucheka na kusema mama anaogopa bisi. Sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa sababu kisa chenyewe kinaanzia mbali. Leo nakueleza wewe.

Nilizaliwa Mpepai, kwenye vilima vya kahawa, na nilipofika darasa la nne nilipelekwa Kihagara, chini ziwani, nikakae na shangazi yangu Agnella. Kwetu jambo hilo halikuhitaji sababu. Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na nyumba isiyo na mtoto wa kutumwa chumvi huhesabiwa kuwa nyumba yenye ugonjwa. Nilishuka nimekaa juu ya magunia ya mahindi ndani ya lori, nimevaa sweta la kwetu milimani, na kadiri tulivyoteremka ndivyo sweta lilivyonigeuka kuwa adhabu. Kilichonipokea ni harufu ya usipa walioanikwa kwenye vichanja ufukweni, samaki wadogo kama sindano, wanaonuka mpaka kwenye daftari. Wiki ya kwanza nililala nimefunika pua. Mwezi wa pili nilikuwa nawala mchana, wamekaushwa na jua tu bila kupikwa, nikiwaiba kichanjani kwa watu.

Shangazi alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alizaliwa Mkatoliki kama sisi sote wa milimani, akaolewa na Mwanglikana wa ziwani, akahamia kanisa la mumewe bila kelele. Ndugu zake walipomlaumu aliwaambia kwamba Mungu hahesabu milango, anahesabu walioingia. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na jibu la kila jambo, na mara nyingi zaidi alikuwa na swali.

Siku zile zilikuwa za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wazazi wetu walikuwa wametoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, na sasa ghafla maduka yalikuwa na kila kitu: mitumba, betri, mafuta ya nywele, dawa za kahawa kwenye chupa zenye maandishi ya nchi tusizozijua. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Shangazi alifurahi pia, lakini kwa kusitasita. Alikuwa amesikia redioni, miaka michache kabla sijaenda kwake, kwamba huko Ulaya mtambo wa umeme wa nyuklia ulilipuka, na upepo ukabeba sumu yake ukaipeleka kwa watu ambao hata taa moja haikuwahi kuwawakia kutoka kwenye mtambo ule. Habari hiyo ilimkaa moyoni. Tangu hapo maziwa ya unga hayakuingia nyumbani kwake, kwa kuwa hakuna mwenye duka aliyeweza kumwambia ng'ombe wale walikula majani ya wapi.

"Mimi sikatai moto," alikuwa akisema. "Nauliza tu jivu litamwagwa wapi."

Alisema hivyo mara nyingi mno hata wavuvi wakamwita Mwalimu Jivu. Aliposimama kwenye kikao cha kijiji, mtu wa nyuma alikuwa akinong'ona, "Haya, jivu hilo linakuja," na watu wakacheka kwa heshima. Lakini hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Redio aliipenda kama ndugu. Alichoshikilia ni hiki: kitu kisichoonekana, kisichonuka na kisicho na ladha, utakijua tu kwa hisani ya yule anayekijua. Akinyamaza huyo, umeachwa gizani wewe na watoto wako. Na mtaalamu akikuambia hakuna hatari, muulize hakuna kwa nani.

Kitu alichokipenda kuliko redio kilikuwa saa. Mumewe, marehemu Gideoni, alikwenda Afrika Kusini angali kijana kuchimba dhahabu, kama walivyokwenda vijana wengi wa pwani ile ya ziwa kabla ya uhuru. Alirudi na sanduku la bati, blanketi zito, kikohozi, na saa ya mezani ya kuamshia. Kikohozi ndicho kilichomuua, mimi sijazaliwa. Saa alipewa na wakubwa wa mgodi siku ya kuondoka, zawadi ya kuwa mtu asiyekosa kazi. Ilikuwa na miguu mitatu ya shaba, kioo kinene, na tarakimu zilizopakwa rangi inayong'aa gizani. Nilipoikuta mimi, mng'ao ulikuwa umezeeka. Ilibidi taa izimwe, usubiri macho yazoee, ndipo uone ukijani hafifu sana ukikutazama. Shangazi aliniachia niilaze karibu na uso wangu nikisubiri usingizi, kisha aliichukua na kuiweka pembeni ya mto wake. Asubuhi aliibeba kwenye kikapu mpaka shuleni, ikakaa mezani kutuongoza kugonga kengele. Jioni ilirudi nyumbani. Nadhani hakuna mtoto wa mwaka mmoja aliyewahi kubebwa kwa uangalifu kama saa ile.

Basi kampuni ikaja. Kwanza tuliona gari jeupe na watu wenye nyundo na mifuko, wakipanda bonde la mto wetu. Tukasema ni vito, maana huko Mbinga watu walikuwa wamepagawa na vito. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetuletea jina jipya: urani, madini ya mitambo ya nyuklia. Akasema wataalamu wanataka ruhusa ya kuchimba mitaro ya majaribio juu kidogo ya pale tunapochota maji, na kwamba madini yakipatikana kutakuwa na barabara, zahanati, na kazi kwa vijana. Wanawake waliokuwa wakipandishwa machela mpaka hospitali ya misheni kujifungua walisikia neno zahanati, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwacheka.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa la saba, kwa kuwa ndilo lililokuwa na paa zima. Shangazi alikuja na kikapu chake, akaiweka saa juu ya meza ya mwalimu kama siku za shule, na sisi watoto tukajazana kwenye madirisha. Kampuni ilimtuma mtu mmoja, Bwana Lukas, Mtanzania kama sisi, kijana mwenye miwani na viatu vilivyochakaa kwa kutembea. Aliingia, akamwendea Shangazi kabla ya kumwendea Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nitakuuliza maswali, usinichukie."

"Nimeambiwa," akasema, na watu wakacheka, naye akacheka. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mpaka leo.

Alieleza vizuri. Akasema urani iko ardhini tangu dunia iumbwe, na babu zetu wamekanyaga juu yake bila kudhurika. Akasema mabaki ya machimbo yatatunzwa kwa utaalamu, yatazungushiwa uzio, yatafunikwa. Shangazi akasimama. Nyuma nikasikia, "Jivu hilo." Akauliza yatafunikwa kwa muda gani, na atakayeyatazama wakati sisi wote tumekufa ni nani. Bwana Lukas akasema kuna taratibu. Shangazi akauliza taratibu hizo zinakaa kijiji gani. Watu wakaanza kuchoka. Mvuvi mmoja, Baba Sekela, akasema kwa sauti, "Mwalimu, wewe una mshahara. Tuachie na sisi tupate."

Hapo Bwana Lukas akatoa mashine. Ilikuwa boksi lenye mpini, na bomba lililoungwa kwa waya. Alitaka kuwatoa watu hofu, nami naamini alikuwa na nia njema. Akaiwasha. Ikalia tik, ikanyamaza, ikalia tik tena. Akasema mlio huo ni mionzi ya kawaida iliyo kila mahali, hata ndani ya ndizi na kwenye miili yetu. Akaipitisha mbele ya Mwenyekiti, tik, tik, naye Mwenyekiti akavuta tumbo ndani kama anapigwa picha. Akaipeleka kwenye jiwe alilotoka nalo bondeni. Ikalia haraka zaidi, kama mvua inayoanza juu ya bati. Akasema, "Mnaona? Hili ndilo mnaloliogopa. Ni hivi tu."

Kisha akageuka kuweka jiwe juu ya meza ya mwalimu, na bomba likapita karibu na saa.

Sijui niandikeje sauti ile. Kutoka tik moja moja ikawa mvumo mmoja usio na mwanya, mahindi yote ya debe yakipasuka kwa pamoja. Bwana Lukas aliruka nyuma. Ikapungua. Akasogeza bomba polepole, kwanza kwenye jiwe, halafu kwenye kikapu, halafu kwenye saa, na ilipofika kwenye saa ikaunguruma tena. Nilimwona Shangazi akiitazama mashine, si saa, kama mtu anayesubiri mwingine aombe radhi.

Baba Sekela ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakamfuata, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wameogopa. Mwalimu Jivu, aliyekataa maziwa ya unga, alikuwa amebeba jivu kwenye kikapu miaka yote ile. Na mimi dirishani niligusa shavu langu, lile nililolilalia nikiitazama saa gizani.

Shangazi alisubiri kicheko kiishe.

"Mwanangu Lukas, hiyo ni nini?"

"Ni rangi ya tarakimu, Mwalimu. Zamani walichanganya radiumu, madini yenye mionzi kama urani, ili ing'ae."

"Inadhuru?"

Alivua miwani akaifuta kwenye shati. "Ikiwa ndani ya kioo, madhara si makubwa. Msiifungue kamwe. Wala mtu asilale nayo karibu."

"Tumelala nayo. Mimi na mtoto wa kaka yangu."

Mama mmoja akanitafuta kwa macho dirishani, na wenzangu wakajitenga nami kidogo.

"Kitu hiki alipewa mume wangu na wakubwa wa mgodi," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kufundisha hesabu. "Waliotengeneza walikuwa wanajua?"

"Mwalimu, mimi sikuwepo."

"Ulisoma."

Akavaa tena miwani, akasema, "Walikuwa wanajua. Muda mrefu kabla. Wasichana waliokuwa wakiipaka walishaugua na kufa."

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi akaisukuma saa kwa rula mpaka ukingo wa meza, upande wake Bwana Lukas.

"Basi ichukue. Ninyi ndio wenye utaalamu wa kutunza."

Bwana Lukas aliitazama saa. Aliitazama muda mrefu kuliko kitu kidogo namna ile kinavyostahili. Angeweza kudanganya. Angeweza kuitia kwenye gari na kuitupa njiani, na sisi tungempigia makofi.

"Sina pa kuipeleka, Mwalimu," akasema.

Shangazi aliketi. Ni Baba Sekela, yule yule, aliyesimama mahali pake akiwa amevua kofia. "Samahani, bwana mkubwa. Umesema mabaki ya mlima mzima mtayatunza. Na saa hii ya mtu mmoja, je?"

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa sala. Kura haikupigwa.

Ningependa kukuambia kwamba kijiji kilishinda. Haikuwa hivyo hasa. Kibali kilikuwa kimeshatolewa mahali fulani mbali na sisi, na mitaro ilichimbwa, ingawa chini ya pale tunapochota maji, jambo ambalo naamini ni kazi ya Bwana Lukas. Kisha kampuni ikaondoka. Wengine walisema bei imeshuka, wengine walisema hawakupata cha maana. Hakuna aliyekuja kutuambia. Mitaro ilibaki wazi mpaka mbuzi wa watu alipotumbukia, ndipo wanawake wakapanda bondeni na majembe wakaifukia. Zahanati haikujengwa mpaka nilipokuwa nimeshaolewa.

Saa ilitupa taabu. Ziwani haiwezi kwenda, kule tunavua samaki. Shambani hapana, chooni hapana, na kumpa mtu ni dhambi. Mwishowe Shangazi aliifunga kwa nguo, akaomba kwa jirani kopo la maziwa ya unga, maana yeye hakuwa nalo, akaitia humo, na fundi akaizibia kwa tope ndani ya tanuri la matofali lililoachwa, mbali na maji. Shuleni tukarudi kugonga kengele kwa kivuli cha nguzo ya bendera, na siku za mawingu tulikaa darasani mpaka njaa itangaze yenyewe.

Mimi sikuugua, wala yeye hakuugua kwa ajili ya saa ile. Alikufa mzee sana. Lakini baada ya mkutano alikaa siku nyingi bila kuwasha redio. Siku moja, tukigeuza usipa juani, nilimuuliza kama tutakufa.

"Wote tutakufa," akasema, "ila usiisingizie saa." Baadaye, bila mimi kuuliza, akaongeza, "Gideoni aliifunga ndani ya shati lake safari yote, isivunjike. Alikuwa anakohoa, anaishika hivi." Akaweka viganja vyote viwili kifuani, vikiwa vimejaa magamba ya samaki.

Nilidhani anaogopa ugonjwa. Nilikuwa mtoto, na ugonjwa ndio hofu pekee niliyoifahamu. Nilihitaji kuwa mke wa mtu, na kumwona mume akirudi kutoka kazini amechoka na bado anatabasamu kwa sababu bosi amemsifu, ndipo nikaelewa. Kikohozi Shangazi alikuwa ameshawasamehe wakubwa wa mgodi. Alijiambia kwamba mgodi ni mgodi, na kwamba angalau siku ya mwisho walimtazama Gideoni usoni, wakampa kitu kizuri. Mashine ile ilimnyang'anya hicho kimoja kilichobaki.

Zamani, akimtaja, alikuwa akisema "marehemu alipokuwa kazini Kusini." Tangu Jumapili ile sikumsikia tena akisema hivyo. Alisema, "Walipokuwa wakimtumia."