Isale la Gari la Babu

Juzi pale Pasua niliona gari la Kimarekani la zamani, refu kama jeneza la tajiri, linavuja oili huku watu wanalipiga picha. Harufu yake ya petroli na ngozi ikanirudisha utotoni, kwetu Masama, mchana ule shangazi alipokuwa anaolewa.

Babu alikuwa na gari kama hilo. Lilikuwa linang'aa mpaka kuku walijitazama kwenye bampa, ila lilikunywa mafuta balaa, na spea zake Moshi nzima hazikuwepo. Asubuhi ile Babu alilitukana, "Ng'ombe gani wewe, unakula tu, maziwa hutoi." Mchana, shangazi ameshakaa ndani na shela lake, kengele ya kanisa inalia, gari likagoma kuwaka.

Mimi nikajua limenuna. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye anakusamehe. Nikakimbia mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachuma moja, nikaliweka juu ya boneti.

"Unafanya nini wewe?" Babu akauliza.

"Nakuombea msamaha."

Shangazi alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Babu hakucheka. Alivua kofia, akashika boneti, akasema, "Haya mama, yaishe." Wajomba wakalisukuma kwenye mteremko, likakohoa, likawaka.

Shule niliiachia njiani, lakini siku hizi hata mimi najua kilicholiwasha ni mteremko. Lile la Pasua nimeshalinunua. Nyumbani kwangu mteremko upo wa kutosha, na mke wangu, ambaye bado hajaambiwa, nimeshamchumia isale.