Sura ya Mdogo Wangu kwenye Nguzo za Taa

Mwaka 2019, mdogo wangu alipogombea ubunge Ujerumani, mimi nilikuwa nafanya zamu za usiku katika makao ya wazee huko Richardson, Texas, na karibu habari zote za kampeni yake nilizipokea nikiwa ndani ya gari. Kila siku nilitoka kazini saa moja na nusu asubuhi. Kwake ilikuwa saa nane na nusu mchana, ameshamaliza zamu yake ya kuendesha basi la mji. Simu ililia kabla sijaingia barabara kuu ya kurudi Carrollton. Niliiweka spika, nikaendesha na macho yangu mazito, nikamsikiliza.

Halikuwa bunge la nchi nzima. Lilikuwa bunge la jimbo, kule mashariki alikoolewa, akazaa watoto wawili na mwishowe akapata uraia. Chama chake kilikuwa kidogo, na kilimsimamisha mahali ambapo kila mtu alijua hakishindi. Yeye pia alijua.

"Lakini Dada," aliniambia, "jina la baba litakuwa kwenye karatasi ya kura."

Mabango yake yalifungwa kwenye nguzo za taa, mengine kwenye njia ileile ya basi lake. Kwa hiyo kila siku alipita mbele ya uso wake mwenyewe mara kumi na mbili, akiwa na abiria nyuma. Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili watu walianza kumchora masharubu kwenye mabango. Kisha wakamtoboa macho.

"Abiria wanaona?" nilimuuliza.

"Wanaona. Wananyamaza. Nami nawatakia siku njema wanaposhuka."

Asubuhi moja alipiga simu na sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu alikuwa ametia bahasha kwenye sanduku lake la barua. Ndani mlikuwa na tiketi bandia ya ndege, iliyochapishwa nyumbani, yenye jina lake: kwenda tu, bila kurudi.

"Na nchi waliyoandika hata si yetu," alisema. "Wamenipeleka Afrika Magharibi."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta.

"Ondoa jina lako," nikamwambia.

"Karatasi za kura zimeshachapishwa."

"Waambie unaumwa. Una watoto wewe."

"Na hata kama zingekuwa hazijachapishwa, nisingeliondoa."

Mama alifariki yeye akiwa darasa la tatu, mimi kidato cha pili. Ni mimi niliyemfulia sare na kumsuka nywele. Kumwogopea ni kazi niliyoizoea kuliko zote nilizowahi kulipwa. Basi nilisema neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza. Nilimwambia kwamba wale watu hawamtaki, na kwamba mtu mzima hujua nyumba asiyotakiwa.

Akasema, pole pole, "Dada, wewe uko Texas miaka kumi na mmoja. Kila mwaka unaniambia uta-apply uraia ukipata nafasi. Wanaokutaka huko ni kina nani?"

Akakata simu. Niliendesha hadi nyumbani bila hata redio. Wiki mbili hatukuzungumza. Binti yangu aliuliza kwa Kiingereza chake kwa nini mama mdogo hapigi tena, nikamjibu kwamba yuko bize, jambo lililokuwa kweli.

Jumapili ya uchaguzi nilikuwa nimetoka zamu, nimeoga tu, nikampeleka binti yangu kanisani. Vituo vya Ujerumani vilifungwa saa kumi na mbili jioni, kwetu saa tano asubuhi, katikati ya ibada. Binti akaingia. Mimi nilibaki ndani ya gari kwenye maegesho, nikampigia. Sikutegemea kwamba angeipokea.

"Dada."

Nyuma yake nilisikia watu wengi na televisheni. Chama chake kilikuwa kinaning'inia, hakijulikani kama kitaingia bungeni. Kile chama cha kuwachukia wageni kilikuwa kimepata kura nyingi sana, nyingi kuliko alivyohofia. Alinieleza haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa wakati wa kubadilishana zamu.

"Na wewe?"

"Mimi ni wa tano. Kati ya sita."

"Nilikukosea," nikasema.

"Najua. Nami nilikujibu vibaya. Umelala?"

"Bado."

"Basi usiendeshe hivyo."

Kwaya ilikuwa imeanza tena. Sikuingia. Tulibaki kwenye simu, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka wakamwita kwenda kupiga picha.

Kesho yake alikuwa kwenye usukani kabla jua halijatoka. Aliponipigia mchana wake, aliniambia kwamba mzee mmoja anayepandia sokoni alisimama karibu na kiti chake, akasema hakumpigia kura na wala hatampigia, lakini yeye ndiye dereva pekee anayemsubiri aketi kabla ya kuondoka.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akae, basi linaondoka."

Nilimuuliza kama atagombea tena. Alisema hajui, kwanza miguu inamuuma, na watoto hawajala. Nami nilikuwa nimefika nyumbani, injini nimeshazima, sina nguvu ya kufungua mlango wa gari.