Viti vya Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia, Peris hupanda ghorofa ya tatu ya jengo la zamani na kuvuruga viti. Hiki hukisukuma ubavuni, kile hukigeuzia dirishani, kisha huwasha kiyoyozi na kwenda chumba kinachofuata. Katika vyumba hivyo hakuna aliyefundishwa tangu muhula uanze.

Ivy aligundua bila kutaka. Chuo kile cha wanawake, hapo Riyadh, kilitafuta namna ya kupunguza ada, na ofisi ikampa kazi ya kuzunguka akitazama vyumba gani vinatumika. Visivyotumika vingefungwa, gharama ya umeme na usafi ipungue. Alikuwa Mkenya anayesoma kwa ufadhili, asiyependa kusemasema, kazi ikamfaa. Ghorofa ya tatu alikuta viti shaghalabaghala, kama darasa limetoka sasa hivi. Ila sakafu iling'aa, haina alama ya kiatu hata moja. Peris alikuwa msafishaji. Viti aliweza kuvivuruga. Kuacha sakafu chafu kulimshinda.

Ivy alipomuuliza, Peris hakukana. Aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, akaeleza taratibu. Ghorofa hii ikionekana haitumiki, jengo zima litafungwa, kisha kampuni iliyomwajiri itamrudisha Jeddah, kazi za ndani. Huko alikuwa kwa madam mmoja, akilala chumba cha kupigia pasi, akiamka kila alipoitwa. Hapa Riyadh ana kitanda chake, mtaa wa Al-Shumaisi, na akishafunga mlango jioni hakuna wa kuugonga.

"Wewe andika tu, daktari," alimtania. "Kiarabu chenyewe sisomi, nitajuaje umeniandika vipi?"

Ivy alikaa na ripoti ile siku kadhaa, hasomi, halali vizuri. Alimkumbuka Mkenya mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja, aliyerudi nyumbani muhula uliopita kwa kukosa ada. Mwishowe aliandika alichokiona.

Tangazo la kufunga jengo lilipotoka, alishuka hadi chumba cha wasafishaji. Peris alikuwa ameshaambiwa. Alimmiminia chai ya maziwa, akasema halas, yameisha, hata magoti yalishazichoka zile ngazi. Hakuonekana kukasirika, alionekana mtu anayetaka kulala.

Ivy aliishika bilauri bila kunywa.

"Anti, huwezi kukataa kwenda?"

"Siwezi. Ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, iko chini ya kampuni. Nikikataa, sina ruhusa ya kukaa nchi hii."