Stempu za Wazee wa Marekani

Mjukuu wangu, andika kwamba katika miaka ile ambayo kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu, mimi nilinunua kwa jirani maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Usicheke. Andika.

Mama yako alipoolewa, katika mahari yake mtamba mmoja alitajwa kuwa wangu, mimi niliyemzaa. Nilimleta hapa Ilemela, nikamjengea banda katikati ya mawe, nikamkatia majani kando ya ziwa. Alikuwa mali pekee ambayo ilikuja kwangu bila kupitia mkononi mwa mwanamume, na kwa sababu hiyo nilimpenda kuliko ilivyostahili.

Babu yako alikuwa tarishi wa kampuni ya pamba. Kampuni ilipouzwa, wenyewe wapya walieleza kwamba barua sasa zingepita kwenye waya, na waya hauhitaji mshahara. Walimshika mkono, wakampa saa ya ukutani, ili mtu asiye na mahali pa kwenda ajue muda wa kutokwenda. Wenzake walioachishwa walifungua magenge, wakauza mitumba, wakanunua nyavu. Babu yako alifungua albamu ya stempu.

Ugonjwa huo haukuanza siku ile. Kwa miaka mingi wakubwa wa ofisi walimwachia bahasha tupu, naye akazihifadhi kama mtu anayehifadhi mbegu. Nilimuuliza stempu iliyokwisha kutumika ina kazi gani. Akanijibu kwa upole wa mwalimu kwamba iliyotumika ndiyo yenye historia. Nikamuuliza kama kanuni hiyo inamhusu pia tarishi. Akarudi kwenye albamu yake mpaka ugali ukapoa.

Minada wakati huo ilikuwa mingi kuliko harusi. Mashirika yalifungwa, wageni waliondoka, na mali zao zikatandazwa mjini Nyamagana, dalali akizipigia kelele. Watu waligombania majokofu na vitanda vya chuma. Babu yako alisogea mbele, amevaa koti, na kuuliza kwa heshima kama wenye mali hawakuacha barua zozote za zamani.

Sasa, kulikuwa na mwalimu mzee wa Kimarekani aliyeishi mlimani juu ya ziwa, ambaye babu yako alizoea kumpelekea barua. Mzee huyo alikuwa na furushi la barua za babu wa babu yake, na juu ya barua hizo kulikuwa na stempu za kwanza kabisa za nchi yao. Babu yako alinisimulia habari za stempu hizo mara nyingi kuliko habari za mama yake mzazi. Zilikuwa za aina mbili: moja ya kahawia yenye uso wa mzee mmoja, nyingine nyeusi yenye uso wa mzee mwingine. Kingo zake zilikatwa kwa mkasi, kwa kuwa watu wa enzi hizo hawakuwa bado na mashine ya kuzitoboa. Mwalimu alipofariki, ndugu zake waliandika kutoka ng'ambo kwamba vitu vyote viuzwe, fedha zipewe kanisa.

Siku ya mnada huo mimi nilikuwa Nansio, kwenye msiba wa shangazi yangu. Nilirudi na meli, nikapanda mlima na mzigo wangu wa viazi, nikakuta banda wazi. Ndani, mezani, juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, palikuwa na furushi la karatasi za kizee.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mama watoto. Umechoka."

"Nimekaa meli nzima. Yuko wapi?"

"Yuko salama kabisa," alisema. "Ukisimama hapo mlangoni unamwona."

Kweli nilimwona. Alikuwa kwa jirani, anacheua, na wala hakunitazama.

Jirani mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa furaha isiyo ya lazima, jinsi mnada ulivyokwenda. Furushi lingeuzwa kwa bei ya kufungia maandazi, lakini mwenye duka la vipuri alimwona babu yako akitetemeka, akaanza kupandisha bei kwa raha tu ya kumwona akitoa jasho. Kila alipopandisha, babu yako alipandisha. Mwishoni mwenye duka alikunja mikono, akasema, "Mwachieni mzee, mimi sijui hata ni nini." Babu yako alimwomba dalali amngojee kidogo, akaja mbio hapa nyumbani, akamuuza ng'ombe wangu mwenye mimba.

Nisimsingizie jirani: hakuwa mtu mbaya. Aliniahidi kwamba nikipata fedha ileile aliyotoa, ng'ombe atarudi. Ila alikuwa anahamia Geita kutafuta dhahabu masika yakiisha, na akihama atahama na mifugo yake yote. Basi nikawa na ng'ombe wa kumkomboa, na mawingu ya kuyatazama. Wakati huohuo ng'ombe alizaa kwa jirani, na kila asubuhi nilikwenda na birika langu.

"Shikamoo, mama," mke wa jirani alikuwa akinipokea. "Ng'ombe wako anakusalimu."

"Marahaba. Mwambie maziwa yake yamekuwa mepesi tangu ahamie kwako. Ziwa lote lile halikukutosha, mpaka ulimimine humu?"

"Mama nawe! Ni majani tu ya msimu."

"Nipimie hayo majani."

Masika yalipokaribia kwisha, Mungu alimleta mzungu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimojawapo cha minofu ya samaki, amekaa nchini muda mrefu, na Kiswahili alikijua vizuri. Naye alikuwa na ugonjwa uleule wa albamu, na wagonjwa hutambuana. Alifika kwangu, akanawa mikono, akafungua furushi, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Akataja bei. Ilimtosha ng'ombe, na ndama, na mimi kunyamaza.

"Nitakuja Jumamosi na fedha," alisema. "Mzee, nakuomba, stempu hizi usimpe mtu mwingine."

"Stempu ni zako," babu yako akajibu. Nilimwona akilipapasa furushi kama mtu anayetoa binti.

Hapa yafaa wasomaji wako waelezwe jambo. Kwetu wafugaji, anayeuza ng'ombe hampi mnunuzi kamba. Mnunuzi huja na kamba yake. Ya muuzaji hubaki zizini, kwa sababu ukiitoa umetoa na bahati ya zizi, na hutafuga tena. Babu yako, aliyejua habari za Marekani kuliko za mtaa wake, na ambaye hakuniruhusu kuzigusa bahasha zile hata kwa kitambaa kikavu, alikuwa bado mtoto wa baba yake. Kutoa vyote, asibaki na chochote cha kuvutia vingine, hakuweza. Ijumaa aliinjika sufuria ya maji, akazishikilia bahasha juu ya mvuke, akabandua stempu moja baada ya nyingine, taratibu, bila kuchana hata moja. Nilimpelekea kiti. Niliona anafanya jambo la mtu mwenye akili, na lilikuwa jipya kiasi cha kunifurahisha.

Mzungu alifika Jumamosi, akapewa sahani safi yenye stempu zilizopangwa kama dagaa juani. Alizitazama. Kisha akatazama chini ya sahani.

"Barua ziko wapi?"

"Zipo," babu yako alisema. "Hizo zinabaki."

"Zinabaki wapi?"

"Kwangu. Wewe umenunua stempu. Mwenye kuuza hatoi na kamba."

Mzungu aliketi juu ya kinu changu bila kukaribishwa. "Mzee," alisema, "stempu ikiwa juu ya barua yake, na mhuri umeshika vyote viwili, hiyo ndiyo mali. Ulikuwa na ng'ombe mzima. Umeniletea kwato."

"Lakini hazikuchanika," babu yako alisema kwa sauti ndogo. Halafu akapata wazo. "Tunaweza kuzibandika tena. Mama watoto ana uji."

Mgeni alifumba macho. Alikuwa mtu mwema. Hakupiga kelele, na kwato alizinunua kwa bei ya kwato.

Nilizichukua fedha kabla babu yako hajasikia habari za mnada mwingine, nikavuka kwa jirani. Lori la Geita lilikuwa tayari limesimama barabarani. Alizipokea, akazipanga kiganjani, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mama, kwa hizi nakupa ndama."

Nilitazama ng'ombe wangu akisukumwa kupanda lori. Alisumbua kidogo, kisha akapanda. Nikarudi nyumbani na ndama, ambaye alikuwa dume.

Babu yako alimzunguka, akampapasa mgongo, akatangaza kwamba ana mabega mazuri, atakuja kuvuta plau. Nilitazama kiwanja chetu, mwamba juu ya mwamba mpaka ziwani, nikamuuliza atalima wapi. Alisema nisiwe na haraka.